Chachu ya Mama Ndani ya Friza

Bernadina alikuwa akisugua kibuyu kwa sabuni ya unga, na hilo lilikuwa kosa. Kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa kijinga cha moto, basi. Hata watoto wa kijijini kwao Endagikot wanajua. Lakini wataalamu wa maabara moja ya Mbulu mjini walikuwa njiani kuchukua maziwa ya mgando, wayahifadhi kwa baridi kali ili wasomi wa miaka ijayo wachunguze vijidudu vyake, naye alitaka kibuyu chake king'ae kuliko cha Helena.

Helena ni mdogo wake. Mama yao alipougua, Bernadina ndiye aliyemgeuza kitandani na kumlisha uji mpaka alipofariki. Kibuyu chenye chachu ya bibi, mama akampa Helena. Helena huyo huyo, aliyekuwa akija Jumapili tu! Tangu siku hiyo wivu ulimkaa Bernadina kooni, wala hakuuonea aibu.

Maziwa yake yakakataa kuganda, sabuni ilishaua kila kitu. Helena alipokwenda kuchota maji, Bernadina akaingia jikoni kwake, akajimiminia kikombe kutoka kibuyu cha mama. Wataalamu walitaka maziwa ya kibuyu kimoja kwa kila ukoo. Akatangulia yeye, maana ndiye mkubwa, na chupa ikaandikwa jina lake.

Mwezi uliofuata Evarist, mtunza friza wa ile maabara, akampigia simu. Baada ya shikamoo akamweleza kwamba mama yake yumo ndani ya friza, rafu ya chini, anaulizia watu wa nyumbani. Ingefaa aje na blanketi. Bernadina akapanda boda boda.

Mama alikuwa amejikunja nyuma ya chupa, barafu imemjaa kwenye kope, haoni vizuri. Evarist akaomba mlango usikae wazi sana, sampuli zitaharibika.

"Shikamoo mama. Ni Bernadina."

"Marahaba," akajibu mama, kama anayemjibu mpita njia. "Helena hajaja?"

Bernadina akalitazama jina lake kwenye chupa. Lingekaa pale hata wajukuu wa wajukuu wazeeke. Akamfunika mama mabega kwa blanketi, akasogea karibu.

"Nimekuja, mama. Ni mimi, Helena."

Mama akatabasamu, akamshika mkono kwa vidole vyake vya baridi, akawa hataki kumwachia. Evarist alisubiri kidogo, kisha akasema inabidi friza ifungwe.