Mkono wa Ghanim

Hoteli ya Al Rigga, Dubai, ilipofungwa mwaka 2009, Alfred alivua koti jeusi la mkuu wa wahudumu, akabaki hajui ajiite nani. Wenzake wote walikuwa wakimwita Kapteni. Sasa alikuwa mwanamume wa Kakamega mwenye umri wa miaka arobaini, akipanga foleni ya vibarua kwenye bandari ya Al Hamriya ili abebe matairi.

Siku ya kwanza kuli mmoja alimsukuma nje ya foleni, kisha akampiga ngumi ya sikio. Alfred hakuwa amepigana tangu shuleni. Aliokota ubao wa kreti, akampiga nao gotini, na mtu yule alipoanguka akaendelea kumpiga mgongoni mpaka ubao ukapasuka.

Ghanim, msimamizi wa wapakiaji, alikuwa akitazama. Alizaliwa Dubai kwa wazazi wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata akitukana.

"Wewe hufai kubeba matairi," alisema. "Utanisimamia watu. Atakayeleta ubishi, mtie adabu."

Ndivyo Alfred alivyopata cheo kipya. Alivunja watu pua, akategua vidole, akaburura mtu kwa ukosi wa shati mpaka getini. Makuli wakawa wanainamisha macho akipita. Akijitazama kwenye kioo cha lori aliona mtu anayejua anakokwenda, na jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyotaka kukubali.

Mwezi wa Agosti akaja Lenny, Mkisii aliyekuwa mhudumu chini yake kule hotelini. Adhuhuri moja mpakiaji alizimia juani akiwa na friji mgongoni. Lenny akawaambia wenzake waketi kivulini.

"Arbab, tutaendelea jua likipungua," alimwambia Ghanim, akimwita bosi kwa Kiarabu cha pale bandarini.

Ghanim alimgeukia Alfred. "Mwondoe huyu."

Alfred alimpiga Lenny mdomoni, naye akaanguka.

"Kapteni, ni mimi," Lenny alisema huku akitema jino.

"Najua."

Akampiga teke la mbavu, na chini ya kiatu akahisi kitu kikivunjika. Lenny hakujikinga. Alimtazama tu, damu ikimchuruzika kidevuni, kama mtu anayetafuta sura anayoifahamu. Alfred alitaka kunyanyua mguu tena, akashindwa.

"Malizia," Ghanim alisema.

"Khalas. Imetosha."

Ghanim akanyakua nondo, akaja mwenyewe. Alfred akasimama mbele ya Lenny. Nondo ikamtua chini ya kiwiko, na mfupa ukachomoza kwenye ngozi. Alimrukia Ghanim akamvunja pua kwa kichwa, wakabingirika kwenye lami ya moto, Ghanim akimng'ata sikio, yeye akimkaba koo kwa mkono uliobaki mzima. Macho ya Ghanim yakaanza kumtoka. Alfred akasikia ile raha ya kupiga ikimpanda tena, na hapo ndipo alipoogopa. Akamwachia.

Mwatima, mama wa Kizanzibari aliyewauzia makuli wali karibu na geti, aliwapakia Alfred na Lenny kwenye gari lake kabla polisi hawajafika. Alimfunga Alfred mkono kwa kanga, akawasha gari.

"Nimekuona hapa miezi yote hii ukipiga watu," alisema. "Leo umepigwa kwa ajili ya mtu. Wewe ni nani hasa, mwanangu?"

Alfred alifikiria hoteli, akafikiria bandari.

"Mimi ndiye niliyemvunja huyu mbavu," alisema.

"Haya. Hilo angalau ni la kweli. Anzia hapo."

Mlangoni mwa hospitali Alfred alimpa Lenny bega aegemee. Lenny akalikataa.

"Usidhani tuko sawa," alisema.

"Sidhani."

Wakaanza kupanda ngazi, kila mmoja upande wake. Katikati Lenny akayumba, akalishika shati la Alfred kwa ngumi. Alfred akasimama, akangoja mpaka mwenzake apate pumzi.