Ua la Njano la Mwantumu

Mwantumu alipoolewa na Zubery mwaka 1951 na kupelekwa Mbeya, mama yake hakumpa dhahabu, maana hakuwa nayo. Alimkatia vijiti vinne vya haibiskasi ya njano iliyokuwa uani kwake Pangani, akavifunga kwa kitambaa kibichi na jani la mgomba.

Vitatu vilioza njiani. Cha nne Mwantumu alikichomeka kwenye debe la mafuta ya taa alilolitoboa chini kwa msumari, akatia mchanga wa mtoni na samadi kuukuu ya mbuzi. Baridi ya Mbeya si ya mchezo. Kila Juni, jioni aliliingiza debe ndani, asubuhi jua likishika akalitoa. Majirani walimcheka, "Mwenzetu kazaa debe!" Naye alicheka nao, ingawa neno hilo lilimchoma, kwani alikuwa hajajaliwa mtoto.

Mwaka wa tatu mti ukachanua. Maua mapana kama visahani, njano iliyoiva, moyoni mekundu. Hayajamaliza kupukutika, barua ikaja: mama amefariki, wajomba wameuza nyumba, na mnunuzi amefyeka uani kote ajenge stoo.

Zubery aliuza nguo sokoni, na roho yake ilikuwa kwenye kiwanja cha duka kule Iyunga, kando ya barabara kuu. Maombi yake yalikuwa yamelala mezani kwa bwana mmoja wa Kizungu, ambaye mkewe, ilisemekana, alikuwa hana ugonjwa ila maua. Siku moja ya Aprili Mwantumu alirudi kutoka msibani kwa jirani akakuta debe halipo.

"Nimempelekea memsahibu," Zubery alisema, tonge mkononi. "Kafurahi mno. Nitakuletea jingine kutoka Iringa. Ua ni ua."

"Lile lilikuwa la mama."

"Mama yako, Mungu amrehemu, angependa mkwewe apate duka."

 Juni ilipoingia, Mwantumu akachukua gunia, akapanda hadi mtaa wa Wazungu. Mtunza bustani, Mnyakyusa aliyeitwa Andendekisye, alimpokea langoni kwa memsahibu. Mti ulikuwa umeshatolewa kwenye debe na kupandwa peupe, katikati ya majani yaliyofyekwa.

"Baba, utakufa huu. Niufunike tu jioni, asubuhi nije kuufunua."

"Mama, hata mimi nilisema. Ngoja niulize tena." Alikwenda barazani, akarudi ameinamisha kichwa. "Anasema gunia linachafua bustani."

"Basi nikatie kijiti kimoja."

Akaenda tena, akarudi. "Anasema kuukata sasa ni kuuumiza. Uje mvua zikinyesha."

Siku ya tatu umande uliganda, nyasi zikawa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Mwantumu alifika mbio, akamkuta Andendekisye anaung'oa. Alipiga magoti, akakwaruza shina kwa ukucha atafute kijani cha uhai. Hudhurungi. Akakwaruza chini zaidi, akakwaruza na mizizi. Hudhurungi tupu.

"Pole, mama," Andendekisye alisema. "Ameniambia nipande waridi hapa."

Mwezi uliofuata kiwanja kilitoka. Duka likajengwa, likashika, na wageni wakazoea kupita kula kwa Zubery. Kila mara aliwasimulia, akijipigapiga paja, jinsi alivyopata kiwanja kwa ua moja la mkewe. Wageni walicheka hadi machozi. Mwantumu alikuwa akipita na birika, akimimina kahawa.

Siku moja mzee Makame, mfanyabiashara kutoka Iringa, alimgeukia kwa upole. "Kumbe duka hili ni lako, mwanangu! Ni kweli ua lile ulilitoa mwenyewe?"

Zubery alimkazia macho.

"Sikulitoa," Mwantumu alisema. "Niliibiwa."

 Zubery akacheka kwa nguvu, akasema wanawake bwana, na wageni wakacheka naye. Mzee Makame peke yake alitazama kikombe chake. Mwantumu akawamiminia wote, mmoja baada ya mwingine, hadi birika likakauka.