Vyumba Ndani ya Uso

Felista alikuwa amemshika mumewe paji la uso, ainame mbele damu isimwingie kooni, daktari alipoibandika picha ya eksirei kwenye kioo cha dirisha.

"Huu ndio uso wa mumeo, mama."

Kumbe ndani ya mfupa wa shavu mna vyumba! Vitupu, kuta zake nyembamba kama ganda la yai. Cha kushoto tu kilikuwa kimejaa kitu cheupe, kilichokwisha kubomoa ukuta wa jicho. Miezi mitano walidhani maumivu ni ya meno. Mzee Simeoni, mganga wa Ilongero, alikwisha kuyang'oa matatu, yote mazima. Felista alisahau kulia. Miaka kumi na minane amelala kando ya uso ule, asijue kuwa Mungu aliujenga hivyo.

"Ni saratani," daktari alisema. "Adimu, tena ina kasi. Dar es Salaam watakata taya la juu, kisha watamchoma kwa mionzi: mwanga usioonekana, unaopenya nyama bila kuichana."

"Unapenya, na ngozi isitoboke?"

"Isitoboke. Ila awahi. Alhamisi alfajiri lori letu linapeleka wagonjwa kwenye treni, Manyoni. Lete barua ya kijiji, nimwandikie hati ya safari."

Siku hiyohiyo, Jumatatu, saa nane mchana, walisimama mbele ya Gasto, katibu wa kijiji kipya cha ujamaa.

"Alute Manase simwoni," alisema akipekua daftari. "Kiwanja mmepimiwa, nyumba hakuna. Asiye na nyumba si mkazi."

"Tembe letu la zamani mlilibomoa nyinyi, Ndugu Katibu."

"Basi na huko si wakazi."

Alute akacheka kwa sauti ya puani, akamtazama mkewe. "Mama Dina, kumbe nilishakufa. Tukamwambie daktari asihangaike."

"Nyamaza, damu itatoka." Felista akamgeukia Gasto. "Nguzo ngapi ndiyo nyumba?"

"Mpaka paa, mama. Agizo si langu."

Wakaanza kuchimba. Wanawake wa jirani walileta miti bila kuitwa. Lakini tembe hutaka nguzo, boriti, fito, kisha udongo wa kutandaza juu. Alute, aliyekatazwa kazi nzito, alizishikilia nguzo zikishindiliwa, kitambaa puani.

Jumatano jioni Gasto alipita na baiskeli, akazihesabu: tisa.

"Hongereni kwa mwamko," alisema. "Wiki ijayo nitasaini." Akakanyaga pedeli.

Alfajiri lori lilipopiga honi barabarani, Alute alikuwa ameikumbatia nguzo ya kumi na moja, Felista akishindilia udongo.