Skrubu ya Tatu

Skrubu ya kwanza ilimtoka Fundi mdomoni akipiga randa. Ya pili aliikuta kwenye kikombe cha chai. Ya tatu ilipolegea, aliwahi kliniki ya meno asubuhi na mkewe, roho juu.

Fundi alikuwa seremala wa miaka arobaini na nane. Meno ya mbele yalimchomoza tangu utotoni, na sasa ndio kwanza alikuwa ameamua kuyanyoosha, mashemeji wakimcheka mpaka basi. Kile kiskrubu, kidogo kama punje ya mchele, kilitakiwa king'ang'anie kwenye mfupa wa taya ili meno yavutwe nyuma.

Daktari kijana alichungulia mara moja tu. "Mzee, huswaki vizuri," alisema, mlango wazi, wagonjwa kwenye benchi wakisikia kila neno. "Kinywa kichafu hakishiki skrubu."

Damu ilimchemka Fundi. "Mimi? Naswaki mara tatu kwa siku!"

"Tunagombania sinki kila asubuhi," mkewe akadakia.

"Hapo ulipotoboa," Fundi akauliza, "mfupa wangu una unene gani?"

"Wa kawaida. Wa mtu mzima."

"Umeupima?"

Daktari akajifanya anatafuta kalamu.

"Nafunga bawaba mwaka wa ishirini na tano huu. Ubao ukiwa mwembamba, skrubu haishiki. Sijawahi kuutukana mlango."

Nesi, macho chini, akasukuma faili mezani. Bahasha ya picha za taya alizopigwa Fundi siku ya kwanza ilikuwa bado imebanwa pini. Miezi mitano haijafunguliwa! Fundi aliichana mwenyewe. Maelezo ya mpiga picha yalikuwa mistari miwili: mfupa ni mwembamba mahali hapo, skrubu iwekwe nyuma zaidi, ulipo mnene.

Daktari mkuu, mama wa makamo, aliitwa. Alisoma, akasoma tena.

"Fundi, samahani. Kosa ni letu. Tuirekebishe skrubu leo?"

"Leo hapana, mama. Leo andikeni kwenye faili kwamba nilikuwa naswaki."

Daktari mkuu akaandika, akatia sahihi. Wiki iliyofuata aliiweka skrubu nyuma kwa mkono wake mwenyewe, na mpaka leo haijatikisika.

"Msamehe basi yule kijana," mkewe humwambia.

"Ya kunitoboa bure nimemsamehe," hujibu Fundi. "Ya kuniita mchafu mbele za watu, aje aniombe radhi mbele ya benchi lile lile."

Bado hajaja.