Jabali Lililokubali Karibu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo kwenye basi la matembezi, mimi na baba yangu, tumekaa siti moja, na hakuna aliyetueleza tunapelekwa wapi. Basi lilikuwa zuri, lina mapazia ya zambarau. Mwongozaji wetu alikuwa kipaza sauti. Sisemi mtu aliyeshika kipaza sauti. Kipaza sauti chenyewe, kimening'inia mbele kwa waya wake, kimevaa kofia.

Kikakohoa, kikasema, "Mabibi na mabwana, kulia kwenu mnaona bahari."

Tukatazama kulia, bahari ikawepo. Kushoto hakukuwa na kitu, kweupe tu kama ukuta uliopigwa chokaa, kwa sababu kushoto kulikuwa bado hakujatajwa.

"Kanuni zetu ni mbili," kikaendelea. "Ndani ya basi hakuna kusimama. Na kivutio hakipandi basi mpaka kikaribishwe."

Baba akaitikia kwa kichwa. Hiyo ya pili ilimpendeza, maana ndivyo alivyo yeye mwenyewe. Hajawahi kuingia nyumba ya mtu bila kuitwa, hata ya ndugu yake wa tumbo moja. Tangu mama afariki anaishi peke yake kule Pangani, na mimi niko Morogoro na mume wangu Mhina na watoto. Kila nikimpigia simu nangoja aseme amechoka na upweke, anakuja kwetu. Hasemi. Ananiuliza kama mvua imenyesha. Nami nilijiambia baba mzazi haalikwi kwa mwanawe, anakuja tu siku akitaka. Basi ndiyo tumekaa hivyo, tunaulizana habari za mvua, na moyo wangu hautulii.

Mapajani nilikuwa na bakuli la mihogo ya kukaanga. Nikafunua. Wakati huohuo pwani ikawa ya majabali matupu, yamechongoka, mawimbi yanayapiga bila huruma, na jabali moja lilikuwa limesogea dirishani pangu linanitazama. Mtu utakulaje huku mwenzio anakuangalia? Nikasema kama ambavyo ningemwambia mpita njia yeyote, "Karibu tule."

Hiyo ni adabu tu. Jibu lake kila mtu analijua: "Ahsante, endeleeni." Kisha mwenzio anapita zake, nawe unakula kwa raha. Jabali halikujua. Limesimama majini tangu dunia iumbwe, nani angelifundisha?

"Ahsante, nakuja," likasema, likapanda.

Basi linalalia upande mmoja. Jabali linapita katikati ya viti, linaomba radhi kwa kila goti linaloligonga, linadondosha kaa na majani ya bahari. Linaketi mbele yetu, linageuka, linatia mkono bakulini. Linakula kwa adabu, lakini halipumziki.

"Kulia kwenu mnaona msitu," kikasema kipaza sauti.

Bahari ikaondoka bila kuaga. Ikawa miti mirefu, ukungu, na kima wanaokoroma juu huko. Jabali likaangalia nje, mdomo umejaa muhogo wangu. Nililiona kabisa kwamba limekwisha kujifunza.

"Karibu tule," likauambia msitu.

Nikalifinya. Lakini jabali utalifinya wapi?

Msitu ukapanda na kima wake wote. Ukajaza viti vya nyuma mpaka mizizi ikatokeza chini ya siti yetu. Baba akainua miguu kuupisha. Nikamnong'oneza, "Baba, tushuke kituo kinachofuata." Akaniambia si vizuri kuondoka wageni bado wanakula.

"Kulia kwenu mnaona mji," kikasema kipaza sauti, na kabla sijaufunika msitu mdomo, mji nao ukawa umekaribishwa.

Mji ulipanda kwa haraka, honi zinalia, taa za ghorofani zinawaka na kuzimika. "Sikai sana," ukasema, kisha ukaagiza chai. Ukasimama katikati ya basi, maana hapakuwa na kiti hata kimoja.

"Hakuna kusimama," kikasema kipaza sauti. "Aliyeanza kukaribisha atoe kiti."

Basi zima likanigeukia. Nilikuwa nainuka, naapa nilikuwa nainuka, ila baba alikwishasimama na kuvaa kofia yake.

"Baba, kaa."

"Mgeni asimame mimi nimekaa? Itakuwaje, mwanangu?"

"Umri wako na wa mji huu wapi na wapi?"

"Mgeni hana umri," akasema, akaushika mji bega, akaukalisha pembeni yangu. Mlango wa basi ulikuwa kushoto. Baba akashuka kwenye ule weupe, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu. Sikumwona tena.

Kipaza sauti kikakohoa. "Na kushoto kwenu," kikasema, "mnaona mzee aliye peke yake."

Ndipo kushoto kukatokea. Ni nyumba yetu ya Pangani, baraza lile lile, mkeka wa mtu mmoja, sahani moja imefunikwa. Baba yuko pale, redio iko chini. Abiria wanatoa simu zao na kumpiga picha.

"Huyu ni wa asili?" mji ukauliza.

"Wa asili kabisa," kipaza sauti kikajibu. "Hapatikani kwingine. Pigeni picha upesi, tunaondoka."

"Huyo si kivutio," nikasema. "Ni baba yangu. Fungueni mlango."

"Yuko nje na ametajwa. Kwa utaratibu wetu ni kivutio."

Basi likaanza kutembea. Nikaona aibu, kwa sababu badala ya kupiga kelele nilianza kupiga hesabu ya viti. Hapa jabali, kule msitu, pembeni yangu mji unapuliza chai, baba tutamweka wapi? Ndivyo ninavyofanya hata nyumbani, vyumba vyetu vile viwili nimevipanga kichwani nikavipangua, na kila mara nabaki na jibu lilelile. Wageni nisiowajua wamejaa basi kwa neno langu moja, na neno hilo baba sijawahi kumwambia.

Nikatoa kichwa dirishani. "Baba, karibu tule."

Akainua mkono. "Ahsante, mwanangu. Endeleeni."

Alilijua jibu lake, tena alilitoa kwa sauti nzuri kabisa. Nikaichukia adabu kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Basi uonje tu."

"Nimeshiba, mama. Mvua imenyesha huko?"

"Baba, sikukaribishi kwa adabu. Nakwambia uje. Nakutaka kwangu. Nafasi hakuna, tutabanana hivyohivyo."

Baba anasimama. Anautazama mkeka wake, anautazama mlango, kisha anashuka barazani na kufuata basi. Mwanzoni anatembea. Basi linaongeza mwendo naye anakimbia, mzee ambaye magoti yake yanalalamika hata akisali, anakimbia na kofia kaishika mkononi. Natazama bakulini. Kimebaki kipande kimoja na jabali limekwisha kukishika. Nalinyang'anya. Nanyoosha mkono nje mpaka bega linauma.

"Hairuhusiwi kulisha vivutio," kinasema kipaza sauti.

Baba akakishika kile kipande kwa meno, kutoka kwenye vidole vyangu, bila kuacha kukimbia. Akatafuna. Akameza. Akainua uso kama anayetaka kusema neno, na kipaza sauti kikakohoa kwa nguvu, nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Mhina alikuwa amelala, mkono wangu ulikuwa umening'inia nje ya kitanda umekufa ganzi. Nikatafuta simu kabla sijafikiri la kusema, maana nikifikiri huwa nazungumza habari za mvua. Baba akapokea upesi. Alikuwa anahema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, nimepiga kukwambia—"

"Najua. Ndiyo nafunga mlango hapa, ufunguo nampa jirani. Nikipata basi la asubuhi jioni niko kwenu."

Machozi yalikuwa yananitoka, na upande wa pili nilisikia komeo likiingia mahali pake, kisha baba akinywa maji, mengi, kwa mkupuo mmoja.

"Ila ule muhogo," akasema, "ulizidisha chumvi."