Jina la Baba Mkwe Kituoni

Njia ya treni ya mji iliporefushwa kutoka Uyole kwenda vitongoji vya chini ya mlima, wananchi walikaa kikao kimoja tu wakaamua kituo cha tatu kiitwe Ezekia, kwa sababu Mzee Ezekia alitoa shamba lake la migomba bure ili reli ipite. Kikao kizima, watu wazima na akili zao, hakuna aliyekumbuka kwamba dereva wa treni hiyo ni Lusia, mke wa mwanawe.

Kwetu Wanyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe wake, na jina lake halitamki hata umchape. Na dereva ndiye anayetangaza vituo kwenye spika. Mimi Tekla, kondakta, niliomba nitangaze badala yake. Wakubwa wakanijibu kwa barua yenye mihuri miwili: kondakta akague tiketi, majina ya vituo yatasikika kutoka kwenye spika tu.

Basi Lusia akifika pale alikuwa anakohoa. Wenyeji tulikielewa kikohozi hicho. Wageni walipitilizwa. Mchungaji mmoja alipitilizwa mara tatu, ya tatu akachoka, akafungua kanisa huko huko alikoshushwa. Mzee Ezekia naye, kila akisikia honi, alikimbilia nyuma ya choo cha kituo asionane na mkwewe.

Malalamiko yakafika mbali. Tukaambiwa Jumatatu anakuja mkaguzi kutoka Iringa, Bwana Kalinga, na jina lisiposikika Lusia arudi nyumbani. Ana watoto watatu, na mumewe anatafuta kazi tangu mwaka juzi.

“Dada, litamke haraka haraka, kama unapiga chafya,” nilimwambia.

“Tekla, halafu Krismasi nitaingia nyumba ile ya wakwe kwa uso gani?”

Nilikasirika na kila mtu: kikao, wakubwa, hata mzee mwenyewe kwa kuwa na jina.

Jumatatu Kalinga alikaa behewa la mwisho, kalamu mkononi. Kituo cha pili wakapanda akina mama wawili wakiongoza kitu kilichofunikwa blanketi gubigubi, chini kimevaa gambuti. Wakakikalisha ubavuni mwa mkaguzi.

“Huu mzigo una tiketi?” Kalinga akauliza.

Zile gambuti nilizijua. Nikasema inayo.

Tukakaribia kituo cha tatu. Spika ikakwaruza, ikanyamaza, kisha ikakohoa. Kalinga akafungua daftari. Nikajua mwenzangu kazi imemtoka.

Ndipo ndani ya blanketi ikatoka sauti ya mzee, inatetemeka lakini kubwa: “Kituo kinachofuata ni Ezekia. Ezekia. Shukeni polepole.”

Kalinga akaligeukia blanketi.

“Wewe ni nani?”

Blanketi likafikiri kidogo. Huyu ni mtu aliyetoa shamba zima, jina lake likaandikwa kwenye kibao.

“Spika,” likajibu.

Kalinga akanitazama. Mimi nikatazama tiketi zangu. Akaandika kitu, akafunga daftari. Treni ilisimama taratibu kuliko siku zote, na kwenye spika ile nyingine tukamsikia Lusia analia, kasahau kuizima.

Ripoti ilikuja baada ya wiki mbili. Dereva aendelee na kazi. Spika ya behewa la mwisho ni ya zamani, lakini inasikika vizuri na isibadilishwe.