Maembe Upande Huu wa Mto

Kaveke alikuwa mtu wa kuogopa kusemwa, na hiyo ndiyo iliyommaliza. Wewe mama mwenye shamba ng'ambo ya mto usio na daraja, sikiza vizuri.

Mwanawe wa pekee, Kyule, alikataa kwenda Nairobi kulinda mageti ya watu. Alipandikiza miembe nyuma ya nyumba yao kule Nuu, akaibebea maji kwa punda kiangazi baada ya kiangazi, mpaka Disemba hii matawi yakainama kwa uzito. Gichuru, broka wa Thika anayenunua maembe, akapiga simu: lori litafika Alhamisi asubuhi.

"Tuchume nusu," Kyule akasema. "Hiyo nusu ingine ingoje mpaka nione lori ikivuka kwa macho yangu."

"Ati niite mwethya mara mbili?" Kaveke akang'aka. Mwethya ni wale akina mama wa kijiji wanaosaidiana kazi za shamba kwa zamu. Kuwarudisha kwa kazi ile ile ni kama kuwaambia jasho lao la kwanza lilikuwa la bure. "Kanisani nitakaa na nani?"

"Mwaitu," Kyule akamwambia mamake, "mto haujui hayo mambo ya kanisa."

"Mimi ndiye mama yako ama wewe ndiye babangu?"

Kyule akaenda kutafuta turubai.

Jumatano akina mama wa mwethya wakaja na vikapu, Mutindi mbele, mwenye mdomo kuwashinda wote. "Mama Kyule, ukishatajirika utatununulia leso, ama utaanza kutusalimia kwa kidole?" Wakacheka mpaka wakashika viuno. Jua likizama, hakukuwa na embe hata moja mtini. Yote yalikuwa chini ya turubai, na Kaveke alilala akitabasamu.

Kwao hakukunyesha. Kulinyesha huko juu vilimani. Asubuhi, mto uliokuwa mchanga mtupu ulikuwa unanguruma, umebeba miti na mizizi yake. Lori likasimama upande wa pili. Pale daraja limeahidiwa tangu Kaveke akiwa msichana. Kila uchaguzi ukikaribia wapimaji hupigilia vigingi, kura zikiisha watu huvitumia kufungia mbuzi.

Gichuru akapiga simu huku wanaonana. "Mama, nakuona kabisa, lakini nitakufikia na nini?"

"Ngoja kidogo tu, mwanangu. Maji yatashuka."

Gichuru akangoja mpaka kesho yake. Maji hayakushuka. "Kuna watu wa Makueni wana maembe kando ya lami," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Usinichukie, mama." Lori likageuka.

Sasa uyapeleke wapi? Stima iliishia sokoni, friji ya kuweka mzigo kama ule hakuna, na wenye mashine za kukamua juisi wako ng'ambo hiyo hiyo. Kufika Jumapili mashavu ya maembe yalikuwa yamelainika, yanatoka maji, na nzi wamefunika turubai. Wale wanawake wakarudi bila kuitwa. Wakayabeba kwa karai mpaka shimoni. Hata Mutindi hakutoa mzaha.

Jumatatu Kaveke akasikia shoka nyuma ya nyumba. Akakimbia bila viatu.

"Kyule! Huo si ni ule wa kwanza kupandikiza!"

"Ndio huo." Hakusimama. "Nachoma makaa, mwaitu. Makaa haiozi. Mto ukijaa, itangoja. Lori isipokuja mwezi huu, itangoja."

Kaveke akatafuta neno la kumrudisha. Alitaka kusema daraja litajengwa, akakumbuka vile vigingi vya mbuzi. Alitaka kusema mwaka ujao watachuma kidogo kidogo, lakini shoka lilikuwa limeshapita katikati ya shina, na mti ulikuwa unaegemea jikoni kwake.

"Shika hii kamba," mwanawe akamwambia. "Mti utavunja paa."

Akaishika kwa mikono miwili.

"Vuta, mwaitu."

Akavuta.